Mama Odowa na Kile Kiondo

Kwa miaka kumi na mmoja Muhonja aliuza odowa katika soko la Gikomba, yale mawe ya udongo, mengine magumu mengine laini, ambayo wanawake wenye mimba huyatafuna kama njugu. Biashara yake ilikuwa na sheria moja: mdomo ufungwe. Unanunua, anakufungia kwa gazeti, anakusahau. Hata mke wa pasta alikuwa akipita kutafuta nyanya, na zile nyanya zilikuwa nzito kweli kweli.

Mwaka wa 1994 wakaja wanafunzi wa chuo kikuu na kamera, wanapiga filamu kuhusu watu na udongo.

"Mikono tu," akawaonya. "Nikiona uso wa mteja wangu humo, nitawatafunisha hiyo kamera."

Siku ya kuionyesha wakamwalika chuoni. Akaja na jirani yake wa mtaa wa Jericho, Mama Wanza, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliyetaka kuona mahali binti yake anasomea. Wanza, mwaka wa pili, aliketi kando ya mama yake na kiondo mapajani. Mama ndiye aliyekisuka: mistari mitatu ya zambarau, jicho jeupe katikati. Nairobi nzima hakuna kingine.

Taa zikazimwa. Daktari Ndolo, bingwa wa udongo ambaye viatu vyake havijawahi kuugusa, akatoa utangulizi mrefu kuliko filamu. Kisha Gikomba ikatokea ukutani. Mkono wa Muhonja ukafunga gazeti. Mkono wa mteja ukapokea. Uso hakuna. Muhonja akatabasamu.

Halafu akaacha. Kamera ilikuwa inateremka, polepole, ikifuata gazeti linakotiwa. Akamkumbuka yule mteja. Akageuka: Wanza alikuwa amekisukumia kiondo chini ya kiti.

Ukutani ukaanza kuonekana ukingo wa zambarau.

Muhonja akawaruka watu watatu, akasimama mbele ya projekta. Pakabaki kivuli chake tu, kipana kama mlango wa stoo.

"Mathe, keti! Umekuwa pazia!" wanafunzi wakapiga kelele.

"Nina swali!"

"Maswali ni mwisho, mama," Daktari akasema.

"Mwisho mimi sitafika. Hii odowa, Daktari, wewe umewahi kuionja?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Daktari akajitetea kwa kutaja madini, moja baada ya jingine. Yalipoisha, Muhonja akamwomba ayarudie, taratibu, yeye hakusoma sana. Akayarudia. Alipoondoka pale mbele, filamu ilikuwa imefika kwa wafinyanzi.

Akarudi kuketi, jasho likimtiririka. Mama Wanza hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa anatazama chini ya kiti cha bintiye.

"Mama Odowa," akanong'ona, "ulimuuzia ile ngumu au ile laini?"

"Nani?"

"Haya, usiseme. Lakini kesho mpe ile laini. Ile ngumu ilinivunja jino nikiwa na mimba yake."