Saa ya Mtani Wangu Beda

Msipoamini shauri yenu, ila haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na wala sikuwa nimeonja pombe.

Nina saa saba za mkononi, zile za gharama zisizotumia betri. Nimezikusanya miaka kumi na tisa kwa biashara ya mpunga hapa Ifakara. Beda, mtani wangu, alikuwa nayo moja tu, ya dhahabu, zawadi ya padri aliyempikia zamani, na hiyo moja ilinikosesha raha. Alilima nayo mkononi! Akiinua mkono kanisani, moyo wangu unawaka. Nilipomwomba aniuzie alicheka: "Mtani, saba hazikutoshi?"

Akafa. Msibani nikainyakua ile saa kama watani tufanyavyo, watu wakaangua kicheko. Utaratibu mnaujua: wafiwa wanaikomboa kwa kuku, unarudisha, yameisha. Mjane akaleta jogoo. Nikamla, kisha nikasema saa imepotea. Ndiyo, mimi huyu.

Lakini ningeivaa wapi, Ifakara nzima inaijua? Nikaifungia sandukuni wiki tatu, halafu nikapanda pikipiki hadi shambani kwangu Mngeta. Saa za namna ile huendeshwa na mtikisiko wa mkono. Ukiziweka siku mbili zinasimama. Hii niliitoa inatembea, tena ina joto, kama imevuliwa sasa hivi. Kwa nini sikushtuka? Wivu, jamani. Nikaivaa.

Kwenye majaruba yangu mtu alikuwa ameinama, anapandikiza mpunga. Akainuka. Beda! Nilimfukia kwa koleo mimi mwenyewe. Mkononi alikuwa na alama ya mkanda wa saa.

"Mtani," akasema kwa upole, "saa ngapi?"

Nami, niaminini, nikatazama! "Tisa na robo." Kuinua macho, hayupo. Maji yametulia, na mistari mitatu ya miche imepandwa.

Jioni ile ile nilimrudishia mjane saa yake, nikalia mbele ya wanawe. Sasa anaivaa mwanawe mkubwa, haikosei hata dakika. Zangu saba zimesimama zote, tisa na robo. Akizivaa fundi zinatembea, nikizivaa mimi zinagoma. Na kijana yule akipita, bado moyo unawaka. Siwafichi.

Ninyi wenye watani, nyakueni masufuria, nyakueni viatu, chekeni. Ila kuku akiletwa, rudisheni mali ya watu kabla hamjachemsha maji ya kumnyonyolea. Mimi mwenye saa saba leo nasimamisha watu barabarani, nawauliza saa ngapi.