Kishikio Mfukoni mwa Zuura

Madirisha ya Zuura yalikuwa yakilia, na wa kuyafuta machozi alikuwa mkamwana wake, Burul. Mimi nakaa chini yao, hapa mjini Naryn, kwenye jengo lenye sakafu isiyoficha siri. Kila asubuhi nilisikia beseni likiburutwa, tambara likikamuliwa, kisha beseni tena. Nje mto ulikuwa umeganda, lakini ndani ya nyumba ile maji yalitiririka kwenye vioo utadhani mvua inanyesha chumbani.

Burul alikuwa katika arobaini yake. Kwetu mzazi hatoki nje wala mtoto haonyeshwi watu mpaka siku hizo ziishe, na Zuura, mavyaa wake, hakuwa mtu wa kupunguza hata moja. Mume wa Burul, Tilek, yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi. Basi msichana aliyezoea kupanda farasi kwao milimani akabaki amefungiwa na kichanga chake Begimai, mavyaa wake, na sufuria ya supu ya kondoo isiyoteremka jikoni, maana mzazi sharti anywe supu apate maziwa.

Waliojenga jengo hili walikuwa na akili zao. Kila dirisha la mbao walilitilia kidirisha kidogo juu, cha nyumba kupumulia. Vuli iliyopita tukayang'oa, tukaweka ya plastiki yasiyopitisha hata sindano, na Zuura akawaringia majirani wa ngazi nzima. Kisha tundu la hewa la jikoni akaliziba kwa blanketi, eti linamletea harufu ya vitunguu vya watu. Nadhani ni vyangu. Supu inachemka bila mfuniko, nepi zinakauka kwenye kamba chumbani, watu watatu wanapumua. Mvuke wote huo uende wapi? Ulikwenda kwenye kioo, penye baridi kuliko pote, ukageuka maji. Maji yakashuka ukutani, na juu ya kitanda cha mtoto ukaota ukungu mweusi. Kifua cha Begimai kikaanza kupiga filimbi.

Utasema, kwa nini mama mtu asiseme? Kwetu mkamwana halitamki jina la bavyaa wake, awe hai au marehemu, wala neno linalofanana nalo. Marehemu mume wa Zuura aliitwa Jelden, na jel kwa lugha yetu ndio upepo. Kwa hiyo tangu aolewe, Burul aliuita upepo "mpitaji". Watu walicheka, wakamsifu kwa adabu. Lakini hebu jaribu wewe kumwomba mtu mkali akuruhusu upepo, nawe huwezi kuutaja.

"Apa," yaani mama, alimwambia mavyaa wake siku nilipowapelekea maandazi, "labda mpitaji angeingia kidogo tu. Mtoto kifua kinambana."

"Mpitaji huyo akiingia kwa mzazi hatoki mikono mitupu," Zuura akajibu. "Futa dirisha."

"Zuura eje, dada yangu, kufuta si dawa," nikadakia. "Funika sufuria. Toa lile blanketi tunduni, nepi zikauke huko roshani, na asubuhi fungua dirisha wazi, kidogo tu, kisha ufunge. Kwangu mbona vioo vikavu?"

"Kwako nani wa kupumua, Gulbara? Wewe na paka."

"Paka naye ana mapafu."

"Na mimi nimeweka chumvi," akasema, akinionyesha bilauri dirishani. Zamani tuliiweka katikati ya vioo viwili vya dirisha la mbao, ikanywa unyevu hadi majira ya kuchipua. Dirisha la plastiki halina katikati ya kuweka kitu, kwa hiyo aliiweka hapo chumbani, na chumvi ilikwisha kuwa mchuzi. Nilijizuia nisicheke.

Nilipoinuka kuondoka ndipo nikaona kwamba dirisha halina kishikio. Palikuwa na kitundu tu cha mraba, pale kinapochomekwa. Burul alitupia jicho mfuko wa kizibao cha mavyaa wake, kisha akatazama chini, nami nikaelewa. Zuura alikuwa amevifungua vyote kwa bisibisi na kutembea navyo. Damu ilinichemka. Ng'ombe ndio wa kufungiwa zizini, si mzazi.

Nikarudi kwangu, nikatafuta bisibisi yangu mwenyewe. Fundi aliyetuwekea madirisha ni mmoja, na vishikio ni vilevile. Nikakitoa cha jikoni kwangu, nikakifunika kwa maandazi mengine na kitambaa juu, nikampelekea Burul mlangoni. Alikipapasa chini ya kitambaa, akanikamata mkono.

Siku chache baadaye Zuura akaenda matangani kwa jamaa zake, nami nikapanda juu. Burul alikuwa amekwisha mfunika Begimai vizuri, amemlaza jikoni na kufunga mlango. Akachomeka kishikio, akakizungusha, akavuta. Baridi ikaingia yote kwa mara moja, na mvuke wa majuma ukatoka. Burul akasimama pale na shali mabegani, uso nje, macho kayafumba, na machozi yakamtoka kimya kimya. Nikamwacha alie.

Mlango ukafunguka nyuma yetu. Zuura alikuwa amesahau kitambaa cha kuwapa wafiwa. Dirisha hata hakulitazama; alitazama kitanda kitupu, na uso ukampauka.

"Yuko wapi?"

"Jikoni, apa, kwenye joto. Amelala."

Akaenda, akaona, akaurudisha mlango polepole. Alipogeuka alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Binti yangu wa kwanza alikuwa akilala chini ya dirisha. Wifi yangu akaacha kidirisha wazi usiku kucha. Juma halikuisha, upepo ukanichukulia mwanangu."

Nimeishi naye jengo moja tangu sina mvi, na hilo sikulijua. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Pole, apa," Burul akasema. Hakushusha macho. "Wako alikufa dirisha likiwa wazi. Wangu atakufa likiwa limefungwa. Anataka upepo."

Jel, alisema. Nusu ya jina la marehemu, mbele ya mjane wake. Zuura akainua mkono, nikadhani anampiga. Akauegemeza kwenye fremu ya dirisha, akabaki hivyo akitazama nje mpaka chumba kikapoa kabisa. Kisha akafunga, akakichomoa kishikio changu, akakitia mfukoni pamoja na vingine.

Siku hizi analifungua mwenyewe kila asubuhi, amesimama kando yake kama askari, mtoto akiwa jikoni. Blanketi limetoka tunduni, sufuria ina mfuniko, ukungu umesuguliwa kwa siki, na filimbi ya Begimai imekwisha. Arobaini nayo imekwisha. Lakini Zuura ameamua kwamba mzazi asitoke hadi theluji iyeyuke, na mkamwana aliyelitamka lile neno hana tena mdomo wa kubisha.

Jana nilipanda kuwajulia hali. Vioo vilikuwa vikavu, na mlima ng'ambo ya mto ulionekana wote.

"Umeshinda, mdogo wangu," nikamnong'oneza Burul.

Alikuwa akikunja nepi. Hakuinua uso.

"Begimai anapumua, eje," akasema. "Zamu yangu bado."