Ushindi Dhidi ya Watu Wenye Usingizi

Mimi shule niliiacha mapema, na mpira nimeucheza kidogo, tena vibaya. Lakini hapa Dubai ukishazeeka na una kanzu safi, watu hukufanya hakimu. Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuamua ni timu ipi ya vijana wetu wa Afrika Mashariki iende Abu Dhabi kucheza na wenzetu wa kule siku ya Idi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Timu ya mtaa wa Al Muraqqabat ilikuwa haijafungwa. Nahodha wake ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza vifuniko vya simu, mtu wa tumbo na maneno. Timu ya mtaa wa Al Mankhool, ya wapishi na wahudumu wa hoteli chini ya nahodha Mkenya, ilishafungwa zaidi ya mara moja. Kwa shemeji hesabu iliishia hapo. Khalas.

Sasa, mechi zetu hazina ratiba. Unacheza na yule ambaye mapumziko yake yameangukia siku yako. Na shemeji, Mungu amhifadhi, alikuwa hodari wa kuchagua. Aliwaalika walinzi wa majengo asubuhi, wakishuka zamu ya usiku. Nilikwenda kutazama, uwanja wa mchanga huku kwetu Al Twar. Kipa wao aliegemea mlingoti, na goli lilipoingia ndipo akafumbua macho. Ushindi huo shemeji aliusimulia wiki nzima. Mankhool wao walikuwa wakipambana na Waganda wa ujenzi, watu wenye mapaja kama mifuko ya saruji, tena wameshalala na kushiba.

Ukoo wa shemeji ndivyo ulivyo. Mke wangu naye hujisifia pilau lake kwa kuwa makapera wanaolala chumba kimoja kwa wingi humaliza sinia. Nikamwambia hao hushinda na chai na mkate. Awalishe majirani zetu wa Unguja wanaolijua pilau, ndipo tuhesabu. Siku ile nilikula wali mkavu.

Basi manahodha wote wawili wakaja nyumbani na watu wao baada ya alasiri. Mkenya akasema, "Mzee, usihesabu tu tumefungwa mara ngapi. Uliza tulicheza na nani."

"Kufungwa ni kufungwa," shemeji akajibu. "Au siku hizi nako ni sifa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana hapo alikuwa na hoja. Nikisifu kufungwa na wakubwa, kesho kila mtu atatafuta mkubwa ili afungwe naye, aje kunitambia. Lakini goli la mtu aliyelala nalo haliwezi kuwa na uzito sawa na la mtu aliye macho. Nikamwambia shemeji arudiane na walinzi siku yao ya mapumziko. Akishinda, Abu Dhabi ni yake.

Akaanza kueleza kwamba vijana wake wamechoka, na mmoja anaumwa goti.

"Shemeji, unawaogopa walinzi?"

"Siwaogopi. Ila nimewahi kuwaona wakiwa macho."

Nikamwambia basi ameshaamua mwenyewe, mimi nimeepuka lawama. Mankhool wakaenda. Shemeji naye alipanda basi lao kwenda kushangilia, na njia nzima, naambiwa, aliwaeleza kwamba timu yenyewe hasa imebaki Dubai.