Dereva Kwanza

Hospitalini walimwita Sista Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wenzake wakishika vichwa, yeye alikunja mikono ya gauni lake na kuuliza, "Haya, nani wa kwanza?" Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka mingi: kusimama kwenye mlango wa dharura, kumtazama kila anayeletwa, na kuamua nani aingie sasa na nani angoje.

Mchana mmoja lori la kokoto liliacha njia, likaingia zima zima kwenye karakana ya useremala. Majeruhi waliletwa kwa chochote chenye magurudumu. Mmoja wa waliotangulia kushushwa alikuwa mdogo wake, fundi seremala, mguu umevunjika chini ya goti, suruali imelowa damu.

"Dada! Dada, mguu wangu!"

Sista alimwendea kwa mwendo wake ule ule. Alipiga magoti, akaufunga mguu hadi damu ikakatika, akagusa vidole. Vilikuwa bado na joto. "Nakuja," akamwambia, akainuka.

Kwenye machela ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyetaka kuisukuma, alilala dereva wa lori. Alinuka pombe. Hakulia wala kuguna. Sista alimshika mkono: baridi, jasho jembamba, mapigo yanakwenda mbio kama ya mtu anayefukuzwa. Akamgusa tumbo, likawa gumu kama ubao. Damu ilikuwa inavujia ndani.

Daktari wa upasuaji akatokeza kichwa. "Chumba ni kimoja. Nani?"

"Dereva."

Watu wakaja juu. Mama yake Sista, mshona nguo, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"We mtoto! Huyo mlevi ndiye unayemtanguliza? Mbele ya ndugu yako wa tumbo moja?"

"Mama, mguu unaweza kungoja. Yeye hawezi."

"Na ukiharibika?"

Sista hakutunga uongo wa kumtuliza. "Unaweza kuharibika. Lakini hapa mlangoni siulizi nani ana makosa. Hilo lina wenyewe, waache wamkute hai."

Kisha akaisukuma machela mwenyewe, na umati ukampisha.

Dereva alipona, akafikishwa mahakamani, akafungwa. Mguu wa seremala uliunga, ila ukabaki mfupi kidogo, na daktari alisema wazi kwamba huenda ungenyooka kama angewahishwa. Sista alilisikia hilo akiwa wima. Halafu alikwenda stoo ya mashuka, akalia mpaka akatosheka, akanawa uso, akarudi kazini. Kila alipojiuliza upya, jibu lilikuwa lile lile.

Mama alimnunia. Alimpunguzia mwanawe suruali zote mguu mmoja, akawa anazikunja mbele ya binti yake bila kumwambia neno.

Aliyeukata mnuno huo ni seremala mwenyewe. Siku moja mama alikuwa amempelekea chakula karakanani, mteja akadakia: "Dada gani huyo, anamwacha ndugu yake sakafuni?"

Seremala akaweka randa chini. "Dada ambaye ungeomba umkute mlangoni siku ukiletwa wewe, asiyekujua hata kwa sura. Mimi najivunia kuzaliwa naye. Haya, kabati lako unalitaka au hulitaki?"

Mama alikusanya vyombo akaenda zake, njia nzima akifikiri.

Baadaye kidogo kikohozi kilimbana, akaenda hospitali na kukaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja akamgusa bega. "Si wewe mama yake Sista? Pita mbele basi."

"Nipite niende wapi?" akajibu, kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa. "Binti yangu akiwa kazini hana mama wala ndugu. Anaangalia nani amezidiwa. Na mimi ndiye niliyemzaa, msisahau!"

Akakaa wima kwenye benchi, kichwa juu, akangoja zamu yake.