Bibi Hakuwa Mujinga

Rafiki yangu, siku ya Mungu iliyopita nilitoka kanisani na hasira, na mupaka leo haijaisha. Pasteri alitufundisha neno moja la Kigiriki liko mu Biblia, haplotes. Akasema ni moyo usio na kunjo, kama kitambaa kimetandikwa, unakiona chote mara moja. Mupaka hapo nilikuwa naandika mu kayee yangu. Kisha akacheka: "Lakini wapendwa, siku hizi ukiishi na haplotes, watakula mupaka mulango wa nyumba yako." Kanisa yote ikacheka. Mimi nikafunga kayee.

Neno hilo ndilo lilinilea. Lilikuwa linauza ndagala, samaki wadogo, ku soko ya Rumonge, kando ya ziwa.

Bibi yangu, mama ya mama, alinunua ndagala asubuhi kwa wavuvi, tunazianika ku muchanga, mimi nafukuza kuku na kijiti. Harufu iliingia mupaka mu nywele. Ku shule wananizibia pua. Wauzaji wengine waliweka nzuri juu, za kuvunjika chini. Bibi alimwaga kitunga chote ku mukeka mbele ya mununuzi. "Angalia za chini kwanza." Wenzake walimucheka: "Mukecuru, mama muzee, wewe unauza ama unaungama?" Na yeye anacheka nao.

Krize, vita ya wenyeji wao kwa wao, ikafika kwetu. Mitumbwi ikakatazwa kuingia mu ziwa, tukabaki na gunia moja ya ndagala kavu, chakula chetu chote. Wiki hiyo mama mumoja akashuka kutoka Bugarama, kule mulimani, mutoto ku mugongo, mwingine ku mukono, miguu imevimba. Bibi akawapa kitanda changu. Hakuwauliza kitu.

Jirani yetu, ambaye tulikuwa tunaombana chumvi na mawese, akamwita bibi ku ua.

"Mukecuru, hao ni wa upande gani?"

"Wa upande wa njaa."

"Usinichezee. Wenye bunduki wakikuja, sema ni watoto wa dada yako."

"Sina dada, unajua vizuri."

"Basi uwafukuze. Watatuua sisi wote sababu yako."

Wenye bunduki walikuja kweli. Mimi niko nyuma ya bibi, nimeshika kitenge chake, naomba Mungu amupe dada, hata wa siku moja tu. Wakauliza hao ni nani. Bibi akasema: "Ni wageni wangu. Wametoka mulimani, siwajui. Mukiwachukua, munichukue na mimi."

Mumoja akamupiga ku mukono na kitako ya bunduki. Wakabeba gunia yetu, wakaenda. Yule mama na watoto wake wakawaacha. Sijui kwa nini, usiniulize.

Mukono wa bibi haukupona. Hakuanika tena ndagala. Jirani akatangaza mu soko kwamba nyumba yetu inaficha watu, hakuna aliyetuletea hata kikombe cha unga. Bibi alikufa mbele ya amani kurudi. Ku maziko, yule jirani alisema, na machozi ya kweli: "Alikuwa mutu muzuri, lakini mujinga kidogo." Watu wakakubali na kichwa. Na mimi, mujukuu wake, nilikubali.

Kwa hiyo siku ile ya kanisa sikumungojea pasteri ku mulango nimutukane. Ningeweza. Lakini leo Rumonge ni ya watu wenye akili. Ndagala nzuri ziko juu, vyuma viko ku madirisha, na mugeni anasimama inje mupaka ajieleze.

Mwezi uliopita mama mumoja alibisha kwangu, mutoto ku mugongo, anaomba chakula. Nilimupa sahani yenye kujaa, na mafuta juu. Alikula yote, akasema murakoze, asante.

Lakini mbele ya kumupa, nilimuuliza anatoka wapi, na ni mutu wa nani.