Dole Langu Linasoma

Mdogo wangu hakuwa na alama za vidole. Hakuzaliwa hivyo. Tangu tukiwa watoto kule Mzenga alikuwa akikaanga korosho kwenye bati na kuzibangua kwa mkono, na yale mafuta ya maganda yalimla ngozi ya ncha za vidole mpaka ikabaki nyororo, inang'aa. Mimi nilisalimika kwa sababu niliolewa mapema nikahamia Kibaha.

Ilipotangazwa kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole, alikuja kwangu tukaenda kwa wakala aliyekuwa na meza na mwavuli karibu na stendi. Wakala alijaribu vidole vyote kumi. Akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta ya mgando, akajaribu tena. Mwisho akasema, "Mzee, kwa serikali wewe hupo." Tulicheka, hata yeye mwenyewe alicheka. Kitambulisho cha taifa pia alikuwa amekikosa kwa sababu hiyohiyo. Nikasema basi tumia changu. Niliweka dole gumba, mashine ikalia mara moja, na laini ya mdogo wangu ikawa kwa jina langu. Hatukuona kosa. Wabanguaji wengi kule kwetu walisajiliwa kwa vidole vya ndugu zao.

Miaka ikapita. Mume wangu akafa, tukamzika kwao Kisarawe. Mimi nikaendelea na kazi yangu ya usafi kwenye zahanati moja hapa Kibaha, kazi ninayoifanya mpaka leo.

Kisha kule Mzenga watu wakaona mawe ya mipaka yamepandwa ndani ya msitu wa kijiji, na hakuna aliyejua yamepandwa na nani. Mdogo wangu akarekodi ujumbe wa sauti akauweka kwenye kundi la kijiji. Ulinifikia hata mimi, nikausikiliza huku nakamua tambara la kudekia. Alisema, "Mkutano haujaitishwa. Sasa huo msitu ameuuza nani, na sisi tulikuwa wapi?" Hakutukana mtu. Lakini ujumbe ulitoka kundi moja ukaingia jingine, mpaka ukafika usikotakiwa.

Wiki iliyofuata walikuja wanaume wawili zahanati, mmoja kijana, mwingine mkubwa kidogo, mashati yamenyooka. Yule kijana aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Tuliingia chumba cha kupimia watoto uzito, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na kliniki. Hawakunipiga wala kunifokea. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na ingekuwa rahisi kwangu leo kusema vinginevyo.

Walikuwa na karatasi yenye picha yangu ya kitambulisho na orodha ya simu zote zilizopigwa kwenye laini mbili zilizo kwa jina langu. Yule mkubwa alipitisha kalamu taratibu kwenye mistari. Huyu nani? Ni binti yangu. Huyu? Anayeniuzia mkaa. Kalamu ikasimama.

"Na huyu unayempigia kila Ijumaa, hapokei hata mara moja?"

Jambo hilo nilikuwa sijamwambia mtu, hata binti yangu. Kila Ijumaa nikitoka kazini nilikuwa naipiga namba ya marehemu, nasikiliza ile sauti ya mwanamke ikisema haipatikani, halafu nakata. Sikuwa na sababu. Ilikuwa inanitosha tu.

"Ni mume wangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Makaburini, Kisarawe."

Yule kijana aliangalia mzani wa watoto. Mkubwa aliweka alama ndogo ya kalamu pale kwenye mstari, akaendelea. Nilijiona kama niliyevuliwa nguo mbele ya watu wa rika la wanangu. Basi alipouliza laini ya pili inatumiwa na nani, sikuwa na kitu tena cha kufunika. Nilimtaja mdogo wangu, nikawaeleza na njia ya kufika shambani kwake. Hiyo njia hawakuniuliza. Niliitaja mwenyewe.

Waliandika maelezo, nikawaambia najua kusaini. Mkubwa akasema dole linatosha.

Mdogo wangu alikaa ndani siku tisa. Hakushtakiwa. Alipotoka alipitia kwangu, nikampikia ugali na mchicha, akala kidogo. Nilimwambia kabla hajanawa mikono, niliogopa nikichelewa nitashindwa.

"Ni mimi niliyekutaja."

"Najua, dada. Walinionyesha karatasi." Akautazama mkono wangu. "Dole lako zuri. Linasoma kila mahali."

Alitabasamu aliposema. Mpaka leo sijui lile tabasamu lilikuwa la namna gani, na sikumuuliza.

Tangu hapo hakushika simu. Ile yake aliitia kwenye debe la mahindi akafunika. Watu wakienda kwake kuzungumza, aliwaomba zao nazo ziingie debeni, nao wakamtania kwamba kuku wake sasa watakula hata mtandao. Akiwa na neno la kuniambia alisafiri mwenyewe mpaka Kibaha. Siku moja alikuja kuniambia tu kwamba mbuzi amezaa mapacha, akanywa chai, akaondoka. Na mimi niliacha kupiga simu siku za Ijumaa. Kila nikishika simu naiona ile kalamu imesimama.

Msimu wa korosho uliofuata alikuwa peke yake shambani. Wifi yangu, mkewe, alikuwa amekwenda msibani Chole. Tumbo likamshika. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi, na daktari alishamwambia ikikaza asisubiri hata saa moja. Simu ilikuwa nyumbani, kwenye mahindi. Wafugaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe walimkuta kesho yake, amejikunja chini ya mkorosho, bado anapumua. Walimpakia kwenye pikipiki, mmoja nyuma akimshikilia. Akafia njiani.

Msibani watu walisema ni siku yake imefika. Wifi yangu alisema angekuwa na simu angepona. Hakuniangalia aliposema, lakini alisema nikiwa nimekaa karibu naye, na nilijua anazungumza na mimi. Alikuwa amesema kweli.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda kwa wakala kuifunga ile laini. Si yule wa mwanzo, ni binti mmoja mwenye kibanda kilichopakwa rangi. Aliangalia kwenye mashine yake, akaniona nina laini mbili.

"Hii ya pili alikuwa anatumia nani, mama? Yuko wapi sasa hivi?"

Hakuwa na ubaya, nadhani ndivyo walivyomfundisha. Lakini maneno yalikuwa karibu yaleyale.

"Hilo usiniulize," nikamwambia.

Alishtuka kidogo, akasema samahani, akanisogezea mashine. Niliweka dole. Likasoma mara ya kwanza.