Mama Anaamia Ndege Kibiti

Mama yangu alihamia kwangu Kibiti msimu ule maji yalipopanda yakabeba dungu lake, mpunga wake na kuku wote isipokuwa jogoo mmoja mkaidi. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Unapanda kwa ngazi, unapika na kulala humo msimu mzima, na nguruwe wapite chini wakitaka. Shamba la mama liko ng'ambo ya mto, upande wa Utete, na amekaa dunguni tangu alipoolewa. Tulimleta mjini yeye na jogoo wake, na jogoo alizoea haraka kuliko yeye.

Kwangu kuna bati, kuna vigae sebuleni, na kuna umeme siku ambazo umeme upo. Jioni wataalamu wenye tai hutokea kwenye runinga wakieleza mto wetu ulivyo. Wanasema watu wa mabondeni wahame. Mama aliwasikiliza kwa heshima, mikono mapajani, kisha akaniuliza kama yule bwana amewahi kulima. Nikasema sijui. Mama ameambiwa ahame tangu hajavunja ungo. Kila mara alihama kwa adabu, na kila mara alirudi, kwa sababu maji hayohayo yanayokufukuza ndiyo yanayokuachia tope la kustawisha mpunga. Hilo sikulisikia kwenye taarifa ya habari. Baada ya habari ya mafuriko lilikuja tangazo la sabuni.

Ndugu zangu walioko Dar wana kundi lao la simu kwa ajili ya mama. Kila asubuhi wanatuma picha za maua na dua, na kuuliza, "Bi mkubwa kaamkaje?" Wote wanampenda, sina ubishi. Ila maua ya simu hayasugui miguu ya mzee, kwa hiyo nilisugua mimi, kabla ya kwenda kufungua duka langu la vitenge kule stendi.

Wiki ya kwanza haijaisha, mama akaanza kuamia ndege, kuwafukuza kwa sauti kama wafanyavyo walinda mpunga. Akimaliza sala ya alfajiri alitoka uani, akafunga kanga kifuani, akapaza sauti ndefu iliyoanzia tumboni: "Hooo, haooo!" Mpunga haupo, kwelea hawapo, kuna kamba ya nguo na pipa la maji. Alipaza, akatega sikio, akangoja, halafu akarudi ndani.

Jirani yangu, mwanamke mpole ambaye tunagawana naye ukuta, alikuja siku ya tatu na sahani ya vitumbua.

"Dada, samahani. Mama yetu hajambo?"

"Hajambo. Anaamia ndege."

Akaangalia uani, akaangalia juu. "Ndege gani?"

"Wa kwao."

Akaniambia kwa upole kwamba kule Mtawanya kuna sheikh anasoma dua vizuri sana. Nikamshukuru kwa vitumbua. Dereva wa bodaboda wa nyumba ya mbele yeye hakulalamika. Alisema tangu bibi aje hajachelewa kijiweni, na kengele ya simu yake ameizima.

Asubuhi moja mama aliporudi kutoka uani aliniuliza, "Mwanangu, hapa watu walihama?"

Nikacheka. Nikamwambia mji umejaa, hata pa kujenga hapapatikani. Hakucheka. Kesho yake hakutoka.

Hakutoka na kesho kutwa yake. Uji nilioacha mezani niliukuta umeganda juu. Jogoo aliwika, yeye akageukia ukutani. Nikampeleka hospitali, daktari akapima kila kinachopimika, akasema ni umri, nimpe matunda. Nikanunua mapapai. Kundi la simu likatuma maua zaidi. Nilikuwa naogopa sana. Mama yangu alikuwa ananiponyoka mbele ya macho yangu, ndani ya nyumba nzuri, bila ugonjwa wowote wenye jina, na mimi nilikuwa bado namtaka.

Nilikuwa namenya papai lile ambalo nilijua hatalila, ndipo nilipokumbuka. Utotoni nililala dunguni naye. Alfajiri yeye alianza, "Hooo, haooo!" na kabla sauti haijafika mwisho, dungu la pili liliitikia, "Haooo!" kisha la tatu, kisha lile la mbali kabisa ambalo tulilisikia kama mbu. Ndege waliruka, ni kweli. Lakini mama alikuwa akihesabu watu. Siku moja dungu la pili halikuitikia. Mama aliweka kombeo chini, akashuka ngazi, akakata tope hadi kiunoni, akamkuta mwenzake anatetemeka kwa homa na hawezi hata kuinua kata ya maji. Tulimtoa kwa mtumbwi. Kwetu hakuna aliyelifanyia hotuba jambo hilo. Ukiita, unaitikiwa, usipoitikiwa, unakwenda.

Na mama alikuwa ameita Kibiti nzima, asubuhi baada ya asubuhi, na Kibiti nzima haikumwitikia.

Kesho yake niliposwali nilitoka uani mwenyewe. Nilijifunga kanga kifuani kama yeye. Niseme ukweli, niliona haya. Mimi ni mtu mzima, nina wateja. Nikapaza. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika njiani. Jogoo akanitazama. Nikavuta pumzi, nikapaza tena, safari hii kutoka tumboni: "Hooo, haooo!"

Kimya. Kisha ng'ambo ya ukuta mlango ulibamizwa, na jirani yangu, yule wa sheikh, akaitikia. Baadaye aliniambia alidhani nami yamenipata, akaona heri tuwe wawili. "Haooo!" Alikuwa anacheka. Mbele ya nyumba dereva wa bodaboda akaitikia pia, akaongeza na honi.

Mlango wa chumba cha mama ukafunguliwa. Alisimama kizingitini, ameshika mwimo wa mlango, nywele hazijasukwa. Alikuwa amekonda. Alitega sikio upande wa ukuta, akatega upande wa barabarani, taratibu, kama anavyofanya siku zote.

"Sauti yako inatisha watu, si ndege," akaniambia.

"Nitajifunza, mama."

Akafika hadi kwenye pipa la maji, akanawa uso, akafunga kanga. Akavuta pumzi akaita, na wale wawili wakamwitikia. Akabaki amesimama pale, anatazama ukuta ule wa matofali.

"Kumbe mpo," akasema.

"Tupo, mama."

Akaniuliza kama uji bado uko jikoni.